Mvua Isiyotazamiwa

Somo: Ayubu 38:25–27 na Matayo 5:43–45



Ninyi mkaao Kilimanjaro, Usambara na Buhaya, mvua kwenu ni mgeni ajaye mara kwa mara, hata pengine mwachoka naye. Kwetu Nzega sivyo. Mwezi wa Mei mbingu hufungwa. Juni, Julai, Agosti na Septemba hupita, na mara nyingi halianguki hata tone moja. Majani huwa na rangi ya simba; udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa ziwezazo kuvunja mguu wa ndama; malambo hukauka; na Mto Manonga huwa mchanga mtupu, ambao watu huuchimba wapate maji. Mvua yetu ya mwaka mzima haifikii milimita 1000, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Siku hizi, tumshukuru Mungu, maji ya Ziwa Viktoria yamevutwa kwa mabomba hata Nzega, Igunga na Tabora. Lakini bomba humnywesha mtu. Halinyweshi shamba la mtama wala malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo hata leo kila mtu wa kwetu hutazama juu.

Wazee wetu waliokuwa wapagazi waliijua kiu hii kuliko sisi. Kati ya Ugogo na Unyanyembe lilikuwako pori kavu waliloliita Mgunda Mkali, na jina lenyewe laonyesha jinsi lilivyoogopwa. Wazungu Burton na Speke walilivuka pamoja na wapagazi wao mwezi wa Oktoba 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Speke alitoka Kaze akapita kaskazini katika nchi kavu, hata mwezi wa Agosti akaliona ziwa kubwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walishika safari ya pwani baada ya mavuno, nao walijitahidi kurudi nyumbani kabla ya kulima. Hivyo mvua ilikuwa kalenda yao. Jua lielekeapo kusini, mawingu ya mvua hulifuata, nayo hufika kwetu kwa zamu yao mwezi wa Novemba.

Lakini iko mvua isiyofuata zamu, nayo ndiyo tutakayo kuisema leo.

Katika kitabu cha Ayubu, Bwana Mungu amwuliza mtumishi wake maswali mengi, na moja lahusu mvua inyeshayo nyikani, katika nchi isiyokaa mtu hata mmoja. Tulitafakari neno hilo. Mvua hiyo ni ya nani? Hapana mkulima aliyeingojea, hapana mtu aliyeiomba, hapana atakayevuna kwa ajili yake. Hata hivyo Mungu hupasua njia katika mawingu ili ifike huko. Ayubu, ambaye alikuwa amekaa siku nyingi akipiga hesabu ya haki yake na mateso yake, aliambiwa atazame mvua isiyoingia katika hesabu ya mtu ye yote.

Mwaka huu, katika juma la pili la Oktoba, siku ya Jumamosi, tulikuwa tukienda kwa miguu pamoja na Mwinjilisti wetu, kusini ya Nzega, ili tuwe na ibada siku ya Bwana pamoja na ndugu wa mtaa mmoja wa mbali. Mbwa wetu wawili walitufuata. Mmoja aitwa Simba, ingawa humkimbia hata jogoo. Wa pili aitwa Watasema, jina alilopewa na jirani aliyetupa mbwa huyo akali mdogo. Jua lilikuwa kali hata joto la mawe lilipenya viatu. Mbwa walikwenda ulimi nje, wakitoka kivuli cha mgunga mmoja na kukimbilia kivuli cha mwingine. Hakuna aliyetaja mvua, maana mwezi wake ulikuwa haujafika.

Mbwa ndio waliojua kwanza. Watasema alisimama katikati ya njia, akainua pua yake kuelekea mashariki, akatikisa mkia polepole. Sisi hatukuona kitu ila wingu moja lililosimama peke yake. Kisha ukaja upepo wenye baridi, ukainua vumbi, na pamoja nao ikaja ile harufu ambayo kila mtoto wa nchi kavu aijua, harufu ya udongo uliolowana. Wataalamu wawili wa Australia, Bear na Thomas, waliandika mwaka 1964 kwamba wakati wa ukavu mafuta ya mimea hukusanyika katika mawe na udongo, na unyevu wa mvua huifungua harufu yake. Tena ndani ya udongo wako vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza kitu chenye harufu hiyohiyo, na pua ya mwanadamu hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Tulipoyasoma hayo tulistaajabu. Miezi yote ile tukanyagapo vumbi na kulinung'unikia, harufu ya mvua imo ndani yake, ikingoja.

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakapiga vumbi kama kokoto, kila tone likiacha shimo lake. Kisha mvua yote ikashuka kwa mara moja. Ngurumo zilikuwa mbali sana, upande wa Igunga. Hata hivyo hatukukimbilia chini ya mti, kwa maana mti mrefu hupigwa na radi, na ajifichaye chini yake hupigwa pamoja nao. Tukabaki njiani. Simba, aliyekuwa akijikokota, alikimbia mbio akatuzunguka mara tatu, mara nne, akateleza, akagaagaa topeni, akasimama tena na kufumbua kinywa juu apate matone. Watasema akajikung'uta kando ya Mwinjilisti, akamrushia tope suruali yote. Mwinjilisti wetu ni mtu aliyepita miaka sitini, tena si mtu wa kucheka upesi. Alivua kofia yake, akaikabidhi mvua kichwa chake chenye mvi, akacheka. Nasi tukacheka. Tulikaa hivyo yapata nusu saa, tukilowana, bila neno. Kisha mvua ikaondoka kama ilivyokuja, na tulipogeuka tuliuona mpaka wake njiani: huku tope, kule vumbi tupu. Nabii Amosi naye alipata kuyaona hayo, mji mmoja ukipata mvua na wa pili ukikosa (Amosi 4:7).

Tulipokaribia kijiji tulimkuta mama mmoja mjane amesimama kati ya matofali yake. Alikuwa ameyafyatua kwa majuma mengi, akichota maji mbali, akayapanga juani yakauke, kisha yachomwe, apate kuwajengea watoto wake nyumba. Hakuyafunika kwa majani, maana ni nani afunikaye matofali katikati ya kiangazi? Zaidi ya nusu yalikuwa yamerudi kuwa udongo.

Tukamsalimu, "Mwadila, mama." Akaitika asiinue uso. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, tumewasikia mkicheka njiani. Mvua hii imenifuata mimi. Ng'ambo ya mbuga haikunyesha. Jirani zangu wasema haikuja bure. Niambieni, nimekosa nini?"

Wapendwa, swali hili ndilo kiini cha barua yetu. Yaani, mvua ni mshahara au ni zawadi? Maana kama ni mshahara, basi sisi tuliocheka tulilipwa kwa wema wetu, na mama huyu alilipwa kwa uovu wake. Hesabu hiyo yatupa sisi kiburi na yampa yeye aibu, na yote mawili hutoka katika shina moja.

Hesabu hiyo ni ya zamani. Katika Unyamwezi na Usukuma mtemi alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Ilipokuja vema alisifiwa. Ilipokosa alilaumiwa, ikatafutwa dawa, ikatafutwa sababu, na pengine aliondolewa katika kiti chake. Serikali ya Tanganyika iliuondoa utemi mwaka 1963. Mtemi ameondoka, lakini hesabu yake imebaki mioyoni, hata mioyoni mwa wabatizwa. Je, hatujamsikia Mkristo akisema, "Shamba langu lilipata mvua kwa sababu natoa sadaka vizuri"? Asemaye hivyo ameuweka mtemi mpya juu ya kiti kile cha zamani, na mtemi huyo ni yeye mwenyewe.

Hata baba yetu Martin Luther alikutwa na dhoruba njiani. Tarehe 2 Julai 1505, akiwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa sheria, alikuwa akirudi Erfurt. Na karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu alimwita Anna mtakatifu, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na mwezi uleule akaingia nyumba ya watawa. Siku ile hakuona katika mawingu ila hakimu mwenye kudai, naye akataka kumlipa. Alilipa kwa miaka mingi, kwa kufunga na kukesha, asipate amani, hata Maandiko yalipomfumbua macho akajua kwamba haki ya Mungu hupewa mtu bure, kwa imani. Ndipo mwaka 1529 alipoandika Katekisimo Ndogo, naye alipoeleza sehemu ya kwanza ya Imani alitufundisha kwamba vitu vyote tulivyo navyo hatukuvistahili. Tena, ninyi walimu mwajua, alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana aliihesabu hali njema ya hewa kuwa sehemu ya mkate wetu wa kila siku, na nyumba pia. Mvua yetu na matofali ya mama yule yamo katika ombi moja.

Bwana Yesu mwenyewe atufundisha katika Matayo 5 kwamba Baba hatengi wema na waovu anyesheapo mvua yake. Neno hilo huwafariji wengi, lakini tuliangalie vizuri, maana lakata pande zote mbili. Likiwa mvua njema si ushuhuda wa utakatifu wangu, basi mvua ya hasara si ushuhuda wa dhambi ya jirani yangu. Na katika Luka 13, Bwana alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Basi tulimjibu mama yule, "Hukukosa neno katika jambo hili. Mvua hii haikutumwa kukupiga wewe, wala haikutumwa kutulipa sisi." Alinyamaza. Hatukuona kwamba maneno yetu yalimtosha, kwa maana maneno hayajengi ukuta. Ndipo Mwinjilisti alipoweka mfuko wake chini, akakunja suruali yake iliyokwisha kuchafuka, akaanza kuyatenga matofali mazima na yaliyoharibika. Siku ya Bwana tulilitangaza jambo hili katika ibada. Na Jumatatu asubuhi, kabla hatujarudi, washarika walikuja na majembe. Si wote waliokuja, lakini walitosha. Udongo ulikuwa umekwisha kulowana, na maji yaliyotuama shimoni kando ya nyumba yalipunguza safari ya kuchota. Walikanyaga udongo uleule, wakaufyatua tena. Safari hii waliyafunika kwa majani.

Mtu asiseme neno hili ni dogo. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushuhuda juu yao, ingawa wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa jikoni, wa kuwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini. Damu hiyo haikuanza kwa panga. Ilianza kwa mtu mmoja kusema kando ya lambo, "Jambo hili halikuja bure," na wa pili kuuliza, "Basi ni nani?" Akataaye hesabu ya mshahara hulizuia panga lingali mbali. Nanyi mkiisikia hesabu hiyo kijijini mwenu, msinyamaze. Semeni waziwazi, kaeni karibu na huyo anayesingiziwa, na mpeleke habari kwa serikali ya kijiji mapema.

Lakini yuko pengine msomaji aulizaye, "Je, ilikuwa haki ninyi kucheka, ikiwa mjane alikuwa akilia?" Twajibu kwamba Mtume Paulo, katika Warumi 12:15, ayaweka mambo hayo mawili pamoja, kufurahi na wenye furaha na kulia na waliao. Hakuliondoa la kwanza kwa ajili ya la pili. Asiyejua kuipokea zawadi kwa furaha huwa mgumu pia kuitoa. Mwinjilisti aliyevua kofia mvuani ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika matofali; wala hatudhani kwamba ni mambo mawili yasiyohusiana.

Hapa yafaa tujifunze kwa mbwa. Maandiko hayampi mbwa heshima kubwa. Hata hivyo mbwa ndio waliovilamba vidonda vya Lazaro mlangoni pa tajiri (Luka 16:21), na mwanamke Mkanaani alikubali kufananishwa nao, akaomba makombo tu, naye akapewa yote aliyoyaomba (Matayo 15:21–28). Luther alikuwa na mbwa nyumbani mwake, jina lake Tölpel. Na siku moja, mbwa huyo alipokuwa akiikazia macho nyama mkononi mwa bwana wake, Luther alitamani aweze kusali kwa moyo usiogawanyika kama vile mbwa alivyoitazama nyama. Mbwa hana kitabu cha hesabu. Mvua ilipomwangukia Simba hakuuliza kama ameistahili, wala hakuhuzunika kwa kuwa kesho jua litarudi. Alifumbua kinywa chake. Basi sisi tuliopewa zaidi ya mbwa, yaani ulimi wa kushukuru na macho ya kumwona aliyepata hasara, tusipungukiwe na kile ambacho hata mbwa anacho.

Wako pia ndugu waliosema kwamba mvua ile haikufaa kitu, kwa maana haikuotesha mtama, na jua la siku chache liliirudisha nchi kuwa kama ilivyokuwa. Tuwakumbushe somo letu katika Ayubu. Mungu huinyeshea hata nyika isiyo na mtu. Wema wake haukatwi kwa kipimo cha mahitaji yetu. Humwagika nje ya kibaba. Kama Mungu angetoa kile tu kinachohesabika kuwa na faida, ni nani kwetu angesimama? Kristo alitufia tungali adui zake, msimu wetu ukiwa bado, moyo wetu ukiwa umepasuka kama mbuga ya Oktoba. Hatukumwita. Alikuja.

Walimu na wazee wa kanisa, twawaomba mambo matatu kabla ya masika.

La kwanza, waambieni watu waifurahie mvua ya mapema, lakini wasiifanye kuwa ahadi. Mvua moja ya Oktoba si masika. Wengi hutupa mbegu zote shambani baada ya dhoruba moja. Mbegu huota, kisha juma tatu za jua huziua, na ghala huwa tupu. Ngojeni hata nchi ilowane chini, tena mvua ije mara kwa mara. Kushukuru kwa siku ya leo hakumzuii mtu kuwa na akili kwa siku ya kesho.

La pili, mtu akipatwa na hasara, swali la kwanza la Mkristo lisiwe, "Amekosa nini?" Liwe, "Ana nini cha kubebwa?" Tena swali hilo liulizwe na mtu mwenye jembe mkononi.

La tatu, wafundisheni watoto wetu kushukuru papo hapo, kitu kinapokuja, hata kama ni kidogo, hata kama kitapita. Mtoto akimbiaye mvuani akicheka, msimfokee upesi, isipokuwa kuna radi. Mwulizeni tu ni nani aliyempa, naye akijua jina la Baba yake amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya Katekisimo.

Tuombe: Ee Bwana Mungu, Baba yetu, wewe huinyeshea nchi isiyo na mtu, na watu wasiostahili. Utuondolee hesabu tunayoishika juu yetu na juu ya jirani zetu. Utupe furaha pasipo kiburi, na hasara pasipo aibu. Uwalinde wazee wetu na midomo ya wasingiziaji. Utupe mvua kwa wakati wake, na ikiwapo kabla ya wakati wake, utupe moyo wa kuipokea na mikono ya kumsaidia aliyelowanishiwa mali yake. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.